Mlezi Aliyekaa Nje ya Darasa

Ukikutana na watu waliosoma chuoni kwetu miaka ile, watakutajia mkufunzi aliyewachapa kwa rula, watakutajia na yule aliyevaa suti ya Kaunda mpaka kwenye shamba la mahindi. Mzee Hezekia Waitara hawamtaji. Wakimtaja ni kwa kicheko: "Aa, yule aliyekuwa anakagua darasa akiwa amekaa juu ya jiwe!" Kicheko hicho kinanichoma. Nimeshagombana na watu kwa ajili yake, mpaka kwenye harusi ya watu. Mimi nilikuwepo, acheni niseme.

Naitwa Agustina, Mnata wa Serengeti. Nilikuwa nafundisha sayansikimu katika chuo kidogo cha ualimu huko Tarime, wakati watu wametoka kuhamishiwa vijiji vya ujamaa na serikali imetangaza kwamba kila mtoto lazima aende shule. Watoto walikuwepo, madarasa yalijengwa kwa miti na udongo, walimu ndio hawakuwepo. Basi vyuo tukaambiwa tuwapike haraka. Asubuhi wanafunzi wetu walilima, mchana wakasoma, jioni wakaimba nyimbo za chama. Chakula kilikuwa ugali na maharage, na siku maharage yakiisha kilikuwa ugali na hotuba.

Mzee Hezekia alikuwa Mkurya wa Kemambo, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alifundisha hisabati tangu enzi za mkoloni. Lakini kazi yake kubwa, ambayo haikuwa na cheo, ilikuwa kutulea sisi wakufunzi wapya. Ukija pale na cheti chako kipya, umejaa nadharia na woga, ulikabidhiwa kwake.

Mimi mwenyewe alinilea. Nilipofika, msichana mwembamba wa Nata, nilikuta darasa la wanaume wenye ndevu, wengine wametoka jeshini, wananitazama kana kwamba nimewaletea chai. Mmoja akaniuliza mbele ya wenzake kama nimeolewa. Nikatoka, nikaenda kulia nyuma ya stoo ya majembe. Mzee akanikuta huko. Hakuniambia ninyamaze. Alisema, "Lia umalize, halafu urudi. Ukirudi usianze na somo. Anza na yule aliyekuuliza, mpe chaki aandike tarehe ubaoni." Nikafanya hivyo. Jamaa akakosea mwezi, darasa likamcheka yeye, na mimi nikaanza kufundisha. Tangu siku hiyo nilimwita baba, na sikumwita hivyo kwa mdomo tu.

Alikuwa na kasoro moja: alipenda kupiga meza. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la TANU pale chuoni, na akishika hotuba, loo, hata kuku wa jirani walinyamaza. Mwaka mmoja wanafunzi wa Kikurya walikataa kula meza moja na wenzao waliotahiriwa nyuma yao, eti rika dogo haliwezi kunawa kwenye bakuli moja na rika kubwa. Mzee akasimama kwenye mkutano wa chuo kizima, akapiga meza: "Hapa ni chuo cha Taifa! Mila ziachwe getini! Atakayeleta habari za mila kwenye kazi, atafute kazi nyingine!" Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Mkuu wa Chuo, Mwalimu Athanas, mtu wa Songea, alifurahi kiasi kwamba aliyafanya maneno hayo kuwa sheria ya chuo. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Hawakukosea.

Maana mwaka uliofuata akaja Wegesa.

Wegesa alikuwa amesoma hisabati Chuo Kikuu cha Mlimani, mwanamke wa kwanza kuifundisha chuoni kwetu. Alikuwa ameolewa Kemambo na kijana mmoja wa forodha pale Sirari, Method, aliyemngoja mpaka amalize masomo. Wakapata watoto wawili, Gati na Tomaso. Halafu Method akafa kwa kichomi, kwa wiki moja tu. Matanga hayajaisha vizuri, ukoo ukakaa. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, watoto ni wa ukoo, kwa hiyo mjane akabidhiwe kwa Ryoba, kaka wa marehemu, mtu ambaye tayari alikuwa na wake na kila mke alikuwa na alama yake ya fimbo.

Wegesa aliwaambia wazee hataki. Aliwaambia ana elimu, atafanya kazi, atalea watoto wake mwenyewe. Wazee wakacheka. Ni mtu mmoja tu aliyesimama upande wake, akasema mpaka jasho likamtoka, mpaka wakakubaliana hivi: apewe mwaka mmoja. Serikali ikimthibitisha kazini, akae na watoto wake na asisumbuliwe. Isipomthibitisha, arudi Kemambo kwa Ryoba, na neno liishe. Aliyesimama alikuwa Hezekia Waitara, baba mdogo wa Method.

Umeelewa hapo? Baba mdogo wa mume ni baba mkwe. Na Mwalimu Athanas, ambaye hakujua undugu huo na hakuuliza, akabandika tangazo: mkufunzi mpya wa hisabati atalelewa na Mwalimu Hezekia, ambaye atakaa darasani mwake na kutoa taarifa ya kumthibitisha. Nani mwingine angemlea? Mkufunzi wa hisabati alikuwa mmoja tu.

Kwa Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe wana kitu kati yao kinachoitwa insoni. Ni aibu, ni heshima, ni woga, vyote pamoja. Mwanamke hamtazami mkwewe usoni. Hampi mkono, hamsemeshi ana kwa ana. Hapazi sauti mbele yake, hamgeuzii mgongo, hainui mkono juu kwapa likaonekana. Mzee naye haingii nyumbani kwake, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Anayevunja insoni amejivua nguo mbele ya ukoo. Sasa niambie wewe, mwalimu wa hisabati atafundishaje bila kuinua mkono ubaoni, bila kugeuza mgongo, bila kupaza sauti?

Nilimfuata Mzee siku ileile. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee. Nenda kwa Mkuu umweleze."

"Nimweleze nini, Agustina? Kwamba mwenyekiti wa tawi ameleta mila kazini?" Akacheka kicheko kibaya, kisicho na meno. "Nilisema mwenyewe atafute kazi nyingine. Na nikienda kutafuta kazi nyingine, yule binti anabaki bila mlezi. Asiye na mlezi hathibitishwi."

"Basi ingia darasani, Mzee. Fumba macho."

"Wewe Mnata," aliniambia, "nyinyi mna masihara sana."

Ndipo ikaanza ile habari ya jiwe. Chini ya dirisha la darasa la Wegesa, upande wa nje, palikuwa na jiwe la kukalia. Kila kipindi chake Mzee alikwenda akakaa pale, mgongo ameupa ukuta, uso ameuelekeza bondeni, akasikiliza. Wegesa hakumwona, naye hakumwona Wegesa, heshima ikabaki mahali pake. Akafundisha kwa raha zake, mkono juu, sauti juu. Na yule mzee alikuwa anasikia mambo ambayo mimi nisingeyaona hata nikikaa ndani! Kwa mlio wa chaki alijua anaandika haraka kupita wanafunzi. Kwa kikohozi cha darasa alijua wamepotea.

Jioni walikutana kwangu. Nasema walikutana, lakini hawakukutana. Wegesa alikaa ndani ya jiko la sayansikimu, anachambua maharage. Mzee alikaa kwenye kiti nje ya ukuta. Mimi nilisimama mlangoni.

"Agustina," Mzee alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "mwambie mwenzako, akiuliza swali asilijibu mwenyewe. Akae kimya. Kimya kinauma, lakini ndicho kinachowafanya wafikiri."

Nageuka kwa Wegesa aliyesikia kila neno. "Anasema usijibu swali lako mwenyewe."

"Mwambie wasiponijibu kabisa je?"

"Anauliza wasipojibu kabisa je."

"Mwambie amgeukie anayetazama chini, si anayetazama dirishani. Anayetazama chini analo jibu, anaogopa tu."

Nilikuwa nawaambia, jamani, mimi si simu ya upepo, nina kazi zangu! Wegesa alicheka ndani, na Mzee alicheka nje, kila mmoja anajifanya hakumsikia mwenzake. Hizo ndizo jioni ambazo nikizikumbuka natamani kuzirudia. Nilimwona mwanamke yule akikua. Alikuja anatetemeka, ikafika mahali wanafunzi wakawa wanagombania viti vya mbele katika kipindi chake. Wale wanaume wenye ndevu walikuwa wanamwandalia kokoto za kufundishia sehemu, wamezipanga kwenye makopo. Siku moja Mzee aliniambia tukiwa wawili, "Huyu atanipita. Method alioa mwalimu."

Lakini chuo kina macho. Kuna watu walimnong'oneza Mkuu kwamba Mwalimu Hezekia haingii darasani, anapunga upepo juu ya jiwe. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha na mkaguzi kutoka kanda alikuwa anakuja kumthibitisha Wegesa au kumkataa. Jioni ya kuamkia ukaguzi, Mwalimu Athanas alimwita Mzee ofisini. Haya niliyajua baadaye, laiti ningeyajua mapema. Mkuu alimwambia, "Mzee wangu, mkaguzi atauliza mlezi yuko wapi. Kesho kaa ndani ya darasa. Usipokaa, nitalazimika kusema kwamba binti huyu hakulelewa na mtu, na unajua maana yake." Hakumwambia kwa ubaya. Athanas hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni haina masikio.

Mzee hakumwambia mtu. Hakuja kwangu jioni ile. Wegesa aliniuliza, "Leo hasemi kitu?" Nikamwambia labda ameona huna tena cha kufundishwa. Tukacheka, tukapiga pasi gauni lake la bluu.

Asubuhi niliomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa lile. Wegesa alianza vizuri. Mungu wangu, alianza vizuri mno! Aliuliza swali, akanyamaza, akamgeukia kijana aliyetazama chini, kijana akajibu. Mkono wake ulikuwa juu kabisa ubaoni, anaandika, mgongo umetugeukia sisi sote, mlango ulipofunguliwa. Akaingia mkaguzi, akaingia Mkuu, na nyuma yao akaingia Mzee Hezekia amevaa koti lake la kanisani.

Nilitaka kupiga kelele. Nilibana mdomo kwa mkono.

Wegesa aligeuka. Mkono ulishuka wenyewe, chaki ikaanguka. Alivuta khanga iliyokuwa begani akajifunika kichwa, akainamisha uso. Mzee alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu yangu, macho kwenye sakafu. Ndipo nikaelewa kwamba amejitoa mhanga. Aliamua kujivua nguo mbele ya ukoo wake wote ili yule binti apate kazi.

"Endelea, mwalimu," mkaguzi alisema.

Alijaribu. Mbele ya Mungu alijaribu. Alitembea kwa ubavu, mgongo umeshikamana na ubao, asimgeuzie Mzee. Akaandika pale chini kabisa, mkono ukiwa usawa wa kiuno, namba zimepinda. Akasema kitu.

"Sauti, mwalimu! Hatukusikii."

Akasema tena, sauti ikatoka kama ya mgonjwa. Wanafunzi wawili watatu waliotoka mikoa mingine wakacheka. Wakurya hawakucheka. Hao walishajua, wote walikuwa wameinamisha vichwa kama watu walioona mama yao akiadhiriwa sokoni. Kijana wa mbele alisukuma kopo la kokoto kuelekea kwake, taratibu, kumsaidia. Hakuweza kuinama kulichukua.

Mzee akasimama atoke. Hilo lingetuokoa! Angetoka tu, angekwenda kwenye jiwe lake, Wegesa angefundisha. Lakini mkaguzi akamgeukia kwa ukali. "Mlezi, kaa chini. Unamkimbia mtu wako wakati anakuhitaji?"

Mzee hakukaa. Alisema, na ile sauti yake ya kupiga mikutano haikuwepo, "Ndugu mkaguzi, huyu ni mke wa marehemu mwanangu. Hawezi kufundisha mimi nikiwa hapa. Naomba nitoke. Nakuomba sana."

Mkaguzi alimtazama, akamtazama Mkuu. "Huyu si ndiye mwenyekiti wenu wa tawi? Aliyesema mila ziachwe getini?" Kumbe sifa za ile hotuba zilifika hadi kanda. "Na miezi yote hii hukuwahi kuingia humu? Basi nani alimlea huyu mwalimu?"

Nikasimama mimi. Nikasema kila kitu, jiwe, jiko, maharage, kila kitu. Nilipayuka kama mwehu. Mkaguzi alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema mkufunzi anakaguliwa kwa kinachoonekana darasani, hakaguliwi kwa hadithi za jikoni. Alipotoka alikuwa ameshaamua: Wegesa hathibitishwi, aongezewe nusu mwaka, atafutiwe mlezi mwingine.

Nusu mwaka! Mtu angesema si haba, kazi hakufukuzwa. Hata Mwalimu Athanas, alipoelewa alichokifanya, alikuja kwangu macho mekundu. Akaahidi kuomba mlezi kutoka Mwanza, akaahidi kumlea mwenyewe ingawa hisabati aliisahau shuleni. Lakini wazee wa ukoo hawakusema nusu mwaka. Walisema mwaka, na mwaka umekwisha, na serikali haikumthibitisha.

Mzee Hezekia alikwenda Kemambo kuwaombea tena. Alikwenda kwa miguu, akarudi kwa miguu. Hawakumruhusu hata kukaa. Habari ya darasani ilishafika kabla yake, kwamba alikaa akamtazama mke wa mwanawe akinyanyua mkono. Wakamtoza kondoo wa kutakasa, wakamwambia mtu aliyevunja insoni hana sauti kwenye kikao. Yule aliyekuwa akisema wazee wakanyamaza, sasa vijana wa juzi wanamwita tata, yaani baba, halafu wanamwambia, "Tata, kaa nje."

Nilimshika Wegesa mabega. "Usiende! Kaa hapa, nusu mwaka si mbali, tutapigana!"

"Watoto wapo kwao Kemambo, dada. Waliwachukua jana shuleni." Alikuwa anakunja lile gauni la bluu, analikunja vizuri kabisa. "Kazi naweza kuipata mahali pengine. Gati na Tomaso nitawapata wapi?"

Nimefundisha watu wengi kupika, kushona na kulea, lakini swali hilo lilinishinda, na lilinivunja moyo kiasi kwamba siku ile nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Ryoba alikuja kumchukua kesho yake asubuhi, na baiskeli ya kubebea sanduku. Mzee alisimama na mimi karibu na geti, amezeeka kwa wiki ile kama mtu aliyeugua mwaka. Hasira zilinipanda, nikamwambia bila adabu, "Kwa nini uliingia, Mzee? Kwa nini hukukaa pale pale nje?"

"Mwaka mzima nilikaa nje nisimwangushe," alisema. "Wakaniambia nisipoingia nitamwangusha. Nikaogopa, Agustina. Niliogopa kwa ajili yake."

Wegesa alikuja nyuma ya baiskeli. Alinikumbatia, akanilowesha shingo kwa machozi. Kisha akamwona Mzee. Nilidhani siku hiyo, kwa yote yaliyotokea, watasema hata neno moja. Lakini Ryoba alikuwa anatazama, na wanawake wawili wa Kemambo waliokuja naye walikuwa wanatazama. Wegesa akajifunika khanga usoni, akaacha njia, akapitia kwenye majani. Mzee Hezekia akageukia ukuta akasimama hivyo, mikono nyuma, mpaka walipopotea kwenye kona ya Nkende. Hata kwaheri hawakuweza kuagana.